Kware Alivyotoka Nyasini Akaingia Tunduni

Msafiri anayetoka Kisii kwenda Migori huiona miwa kabla hajauona mji wa Awendo. Kampuni ya Sukari ya South Nyanza, ambayo kila mtu huku huiita Sony, ilianzishwa mwaka 1976 na ikaanza kusaga miwa miaka michache baadaye. Tangu wakati huo matrekta yenye matela marefu ndiyo yanayotawala barabara. Kandokando ya miwa hiyo, kwenye nyasi na mashamba ya mtama na wimbi, anaishi ndege ambaye watu wa Nyanza Kusini walimjua kabla kiwanda hakijafikiriwa. Ni mdogo wa kuenea kiganjani, mnene, mkia wake mfupi hata mtu hudhani hana, na akishtuliwa hukimbia kwanza, kuruka baadaye. Waluo humwita aluru. Waluhya humwita isindu. Katika Kiswahili cha Kenya ni kware, na huko Tanzania wengi humwita tombo.

Kati ya mwaka 2013 na 2014 ndege huyu alikuwa gumzo la Kenya nzima. Wenye mishahara na wasio na mishahara walijenga vizimba nyuma ya nyumba, wakanunua mashine za kuangulia, wakaanza kuhesabu mamilioni yaliyokuwa bado ndani ya maganda. Halafu soko likaanguka kabla wengine hawajamaliza hata kulipia mbao. Mazungumzo ya leo yanamhusu kware huyo: jinsi alivyofugwa zamani, jinsi anavyofugwa sasa, na kwa nini hesabu iliyoonekana tamu kwenye karatasi iliwaangusha wengi.

Tuanze na tundu la zamani.

Mvua za masika zikishika na nyasi zikipanda, mtegaji wa vijiji vya magharibi mwa Kenya, kuanzia Busia na Siaya hadi Homa Bay, husimika mti mrefu mahali pa wazi karibu na nyasi. Juu ya mti huo hufunga vitundu vilivyosukwa, kimoja juu ya kingine, na ndani ya kila kitundu mna kware aliye hai. Hao ndio waitaji. Chini, nyasi hufyekwa kufanya vijia vyembamba vinavyoelekea kwenye mti, na humo hutegwa matanzi. Giza likiingia waitaji huanza kuita na kuitikiana tundu kwa tundu, na kwa kuwa sauti inatoka juu, huenda mbali. Kware wanaosafiri usiku na wale walio nyasini jirani huisikia, wakaifuata kwa miguu. Kware akiona kijia hana sababu ya kupenya nyasi nene, na kijia humpeleka moja kwa moja kwenye tanzi. Alfajiri mtegaji hupita kukusanya.

Mwitaji mzuri ni mali. Huchaguliwa kwa sauti yake, hulishwa nafaka ndogo na wadudu, hutiliwa maji, na siku ya kuchinja wenziwe yeye hubaki tunduni. Kwa hiyo ufugaji wa ndege katika kizimba si jambo lililoletwa Nyanza na semina za wajasiriamali. Ulikuwepo, ila mtu alifuga ndege wachache kwa ajili ya sauti zao tu, na nyama akaiachia mvua imletee.

Na mvua ndiyo hasa humleta. Kware anayenaswa zaidi huku ni yule ambaye wataalamu humwita Coturnix delegorguei, kwa heshima ya Mfaransa Adulphe Delegorgue aliyezunguka kusini mwa Afrika katika karne ya 19. Dume ana kifua cheusi, ubavu wa rangi ya kutu, na koo jeupe lililochorwa mistari myeusi. Jike ana rangi ya majani makavu, nayo humficha akiatamia. Ndege hawa hawana makao ya kudumu. Mahali palipokuwa kimya mwezi mzima huweza kujaa sauti zao wiki chache baada ya mvua. Hutaga chini, katika kishimo kilichotandikwa nyasi, mara nyingi mayai manne hadi manane, na nchi ikikauka huhama. Bonde la Lambwe, penye Hifadhi ya Taifa ya Ruma na nyanda zake za nyasi ndefu, ndiyo nchi ya namna wanayoipenda. Wageni huenda Ruma kumtafuta korongo, yule swala mkubwa ambaye Kenya nzima amebaki hapo tu, huku kware akiita miguuni mwao.

Ukoo huu wa ndege umelisha watu tangu kale. Waislamu wanamjua kama salwa, chakula walichoteremshiwa Wana wa Israili jangwani pamoja na manna. Wakristo humkuta katika kitabu cha Kutoka na kile cha Hesabu. Kware wanaotajwa humo huhama kila mwaka kati ya Ulaya na Afrika, na wakimaliza kuvuka bahari hutua wamechoka kiasi cha kuokotwa kwa mikono. Hadi leo kwenye pwani ya Misri watu hutandaza nyavu ndefu kuwangoja.

Lakini si kila mwenye banda la ndege anawaza chungu. Australia, Ulaya na Marekani kuna watu wanaojenga mabanda makubwa ya wavu kwa ajili ya kasuku wa jamii ya lorikiti, ndege wenye rangi kama kitenge kipya, ambao asili yao ni Australia, Papua Guinea Mpya, Indonesia na visiwa vya Pasifiki. Ulimi wa lorikiti una vinyweleo nchani, mfano wa brashi, kwa sababu chakula chake ni nekta na chavua ya maua. Mfugaji wake humkorogea uji mtamu mwepesi, na kwenye joto uji huo huchacha katika saa chache, hivyo vyombo huoshwa asubuhi na jioni bila kukosa. Kinyesi chake ni maji, nacho hurushwa hadi ukutani. Chakula chenye madini mengi ya chuma humharibu ini. Jike hutaga mayai mawili tu kwa kawaida, na kinda hukaa kiotani takriban miezi miwili kabla ya kutoka. Mtu anayevumilia yote hayo hufanya hivyo kwa kupenda, na akiuza makinda humuuzia mpenzi mwenzake. Biashara ya kimataifa ya kasuku hao husimamiwa na mkataba wa CITES, hivyo kila anayevushwa mpaka lazima awe na karatasi.

Kware amesimama upande wa pili kabisa wa uwanja huo. Anazaliana upesi, anakula unga mkavu, na hakuna anayemfuga Awendo kwa ajili ya uzuri wa manyoya.

Yule aliyejaza vizimba vya Kenya mwaka 2013, kwa sehemu kubwa, hakutoka Lambwe. Ni binamu yake, Coturnix japonica, kware wa Kijapani. Wajapani walimfuga karne nyingi zilizopita kwa ajili ya sauti yake, kama vile mtegaji wa Homa Bay anavyomfuga mwitaji. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kuchagua majike yanayotaga sana, kizazi baada ya kizazi, mpaka wakapata ndege ambaye ni kama kiwanda kidogo cha mayai. Wanasayansi nao wakampenda kwa sababu ni mdogo na hukua haraka. Mnamo Machi 1990 kifaranga wa kware aliangulika ndani ya kituo cha anga cha Mir, akawa ndege wa kwanza kuzaliwa nje ya dunia hii.

Kuchaguliwa huko kulikuwa na gharama. Kware wa kufugwa amesahau kuatamia. Jike hutaga popote miguu ilipo, akaondoka, yai likabaki juu ya wavu. Kwa hiyo anayetaka vifaranga lazima awe na mashine ya kuangulia, au atafute kuku wa kienyeji aliyekwisha kulalia, amwekee mayai ya kware chini yake. Kuku huyo awe mdogo na mtulivu, maana ganda la kware ni jembamba na jike mzito hulivunja akigeuka.

Kwenye mashine joto huwekwa nyuzi 37.5, mayai hugeuzwa mara kadhaa kwa siku, na kuanzia siku ya 14 au 15 huachwa yatulie. Siku ya 17 au ya 18 maganda huanza kupasuka. Siku 17 zinaonekana chache, lakini katika mji ambao umeme hukatika usiku mmoja ukarudi mchana wa pili, ni nyingi. Aliyekuwa na mashine bila betri au jenereta alijifunza kuizungushia mablanketi na kuweka chupa za maji ya moto ndani.

Kifaranga anayetoka humo ana uzito wa gramu saba au nane. Kuna jambo moja ambalo kila anayeanza hulipata kwa hasara: kifaranga wa kware huzama katika kifuniko cha chupa. Anakwenda kunywa, anasukumwa na wenzake, anaanguka kifudifudi katika maji ya kina cha nusu inchi, na hawezi kujiinua. Anayejua hujaza chombo cha maji kokoto au gololi, zikabaki nafasi nyembamba za kuingiza mdomo tu. Anayejua pia hatandiki gazeti, kwa sababu miguu huteleza juu yake ikapanuka na kulemaa. Hutandika kitambaa kikavu au gunia safi. Wiki ya kwanza vifaranga huhitaji joto la nyuzi 35 au zaidi, na usiku wa Awendo, ulio juu kuliko Ziwa Victoria kwa mamia ya mita, una baridi ya kuua. Taa hutumika penye umeme, na pasipo umeme hutumika chungu cha makaa kilichofunikwa, huku dirisha likiachwa wazi kidogo ili moshi usiwamalize.

Chakula chao kina mtego wake. Kifaranga wa kware huhitaji protini nyingi kuliko kifaranga wa kuku, karibu robo ya chakula chake chote. Unga wa vifaranga unaouzwa katika maduka ya agroveti umepimwa kwa ajili ya kuku, hivyo wafugaji wa huku huongeza omena waliosagwa, na omena hawako mbali: ziwa lipo Homa Bay na Karungu. Shida ni kwamba omena waliokaushwa ufukweni huja na mchanga, na mchanga hupimwa kwenye mizani kama samaki. Mnunuzi mwenye uzoefu huchota konzi moja, akaimwaga ndani ya ndoo ya maji, akaangalia kinachozama.

Wakifika wiki ya tatu, jinsia hujulikana kwa kifua. Dume kifua chake ni cha rangi moja, kahawia nyekundu isiyo na madoa. Jike ana madoadoa meusi juu ya manyoya hafifu. Dume mmoja hutosha majike matatu au manne, na madume wakizidi hupigana na kumng'oa jike manyoya ya kisogoni. Wiki ya sita au ya saba jike huanza kutaga. Hapo huhitaji mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku. Mchana wa huku, karibu na ikweta, una saa 12 tu, kwa hiyo taa huwashwa jioni au mayai hupungua. Jike aliyetunzwa hutaga mayai 250 hadi 300 kwa mwaka, kila moja likiwa na gramu kumi au kumi na mbili na madoa ambayo hayafanani na ya jike mwingine.

Kizimba chake kina kipimo ambacho mafundi wengi wa mbao walikikosea. Kware akishtuka, kwa radi, kwa paka au kwa mtoto anayegonga bati, haruki mbele kama kuku. Huruka juu wima kwa nguvu zake zote. Kizimba chenye dari ya futi mbili na bati ngumu humpa nafasi ya kushika kasi kabla ya kugonga, na asubuhi mfugaji hukuta ndege waliopasuka utosi. Dari huwekwa chini, sentimita 20 au 25, ili asipate kasi, au basi liwe banda refu la mtu kusimama lenye wavu laini juu. Miguu ya kizimba husimamishwa ndani ya makopo yenye oili chafu, kwa sababu siafu wakipata njia usiku mmoja hawabakizi kitu. Panya, nyoka na nguchiro huzuiwa kwa wavu wenye matundu madogo. Kideri nacho, ugonjwa unaofagia kuku wa kijiji kizima, humpata kware pia, ingawa uvumi ulisema haugui.

Uvumi ndio unaotufikisha mwaka 2013.

Habari zilienea kwamba yai la kware ni dawa. Lilitajwa kutibu kisukari, shinikizo la damu, pumu, vidonda vya tumbo, upungufu wa nguvu za kiume, hata virusi vya Ukimwi. Zilizunguka orodha zilizoeleza mgonjwa ale mayai mangapi, mabichi, asubuhi kabla ya kitu kingine, kwa siku ngapi. Ukweli wake ni wa kawaida zaidi. Yai la kware ni chakula kizuri. Kwa uzito ulio sawa, lina chuma na vitamini B12 karibu mara mbili ya la kuku, protini inayokaribiana, na kolesteroli takriban mara mbili. Hakuna utafiti uliothibitisha kwamba linaponya ugonjwa wowote kati ya hayo, na yai bichi la ndege yeyote huweza kubeba bakteria wa salmonela, jambo la hatari kwa mtu ambaye tayari ni mgonjwa.

Lakini bei hufuata imani. Yai lenye uzito wa sehemu moja ya tano ya yai la kuku likawa linauzwa mara kadhaa ya bei ya yai la kuku. Mtu wa Awendo aliyesikia hivyo alikuwa na sababu yake ya kusisimka. Muwa huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili shambani kabla ya kukatwa, kisha kuna foleni ya matrekta, kisha kuna kungoja malipo. Hapa pana ndege anayetaga akiwa na siku 45, katika kizimba kisichozidi ukubwa wa kitanda, bila shamba, bila mbolea, bila kibarua wa kupalilia. Anayemcheka mtu huyo hajawahi kungoja pesa za muwa.

Sasa tuitazame hesabu kwa makini, maana ndani yake ndimo mlimokuwa na shimo.

Chukua mfugaji mmoja mwenye majike 75. Siku njema watampa mayai 60. Kwa mwezi ni mayai 1,800. Tuseme aliyaangua yote, na sita katika kila kumi yakatoka: ana vifaranga zaidi ya elfu moja, nusu yao majike. Baada ya wiki sita au saba, majike hao zaidi ya mia tano nao wanaanza kutaga. Kwa hiyo katika muda usiofika miezi mitatu na nusu, mfugaji wa majike 75 amekuwa na uwezo wa kuingiza sokoni mara saba ya alichoanza nacho, au kuwauzia majirani saba mtaji unaolingana na wake. Kila mmoja wa majirani hao anaweza kufanya vilevile. Wanaokula mayai wangelazimika kuongezeka kwa kasi hiyo hiyo, na walaji hawaanguliki katika mashine.

Katika miezi ya shamrashamra jambo hilo halikuonekana, kwa sababu mayai mengi hayakuwa yanaliwa. Yalikuwa yanauzwa kama mbegu. Faida kubwa ilitoka kwa mayai ya kuangua, vifaranga wa siku moja, ndege wazazi, vizimba, mashine na semina za kufundisha. Mteja wa mfugaji alikuwa mfugaji mpya. Siku wafugaji wapya walipokwisha, kila mtu alibaki na bidhaa ileile, akimtazama jirani yake mwenye bidhaa ileile. Mwaka 2014 yai lililokuwa likiuzwa makumi ya shilingi lilishuka hadi shilingi chache, na waliochelewa kuingia ndio walioumia. Wengine waliwachinja ndege wao na kuwala. Angalau nyama yake ni tamu, na watu wa Nyanza hawakuhitaji kufundishwa kuila.

Serikali nayo iliingia katikati ya shamrashamra. Mbele ya sheria za Kenya kware ni mnyamapori, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilikumbusha umma kwamba anayemfuga lazima awe na leseni. Januari 2014 ilianza kutumika Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, ambayo adhabu zake kwa makosa ya wanyamapori ni kali kuliko za zamani. Wafugaji wengi walishangaa: ndege aliyenunuliwa sokoni, anayekula unga wa dukani, anakuwaje mali ya pori? Ofisa wa wanyamapori ana jibu. Bila leseni hakuna njia ya kutofautisha ndege aliyeangulika kwenye mashine na yule aliyenaswa porini akauzwa kama wa kufugwa. Mahali ambapo utegaji ni ujuzi wa tangu babu, bei ikipanda tunduni, matanzi nayo huongezeka nyasini.

Kuna hatari nyingine inayotoka tunduni kuelekea porini. Ulaya, kware wa Kijapani walioachiwa kwa ajili ya uwindaji wamezaana na kware wa asili wa huko, na machotara wameonekana Hispania, Ufaransa na Italia. Watafiti huogopa kwamba damu ya ndege asiyehama itaingia katika ndege ambaye maisha yake yote ni kuhama. Kenya yenyewe ina mfano wa ndege wa tundu waliotoroka wakawa wenyeji. Cherero wa Fischer, kasuku mdogo wa kijani mwenye kichwa cha rangi ya chungwa, asili yake ni kaskazini mwa Tanzania. Miaka ya themanini alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi kupita wote duniani. Leo makundi yake yanaruka Naivasha, yametokana na ndege walioachiwa au waliotoroka, na huko yamechanganyika na cherero wa jamii nyingine wa Tanzania. Mfugaji aliyekata tamaa akafungua mlango wa kizimba ili kware wake waende zao anaweza kudhani amefanya huruma. Wengi wao huliwa na paka kabla ya jioni. Wachache watakaobaki ndio wanaowatia wasiwasi wataalamu.

Msikilizaji wa Awendo, Rongo au Oyugis atauliza: je, kware afugwe au asifugwe? Afugwe, kwa hesabu ya mlaji. Mayai yake bado yanauzwa katika maduka makubwa ya mijini, na hoteli huyachemsha kwa ajili ya saladi na vitafunio. Nyama yake ina wateja wa kudumu hapa hapa, watu waliolelewa wakila aluru wa kunaswa na ambao wangefurahi kumpata bila kungoja mvua. Ndege wa nyama huwa tayari akiwa na wiki sita. Anayeanza apitie kwanza ofisi ya KWS kuuliza habari ya leseni, kisha atafute wanunuzi watatu au wanne wa kudumu kabla ya kumtafuta fundi wa vizimba.

Halafu akae chini na kalamu. Kware 20, majike 15 na madume matano, hula karibu nusu kilo ya chakula kwa siku na kumpa mayai 12 wakiwa wametunzwa vizuri. Kwa uzito, mayai hayo 12 ni sawa na mayai mawili ya kuku na nusu hivi. Kuku watatu wa mayai wangetoa kiasi hicho kwa gramu zisizofika 400. Yai la kware likiuzwa kwa uzito wake, basi, kuku anamshinda. Ili kware alipe gharama zake, lazima apatikane mtu wa kununua mayai hayo 12 kwa zaidi ya bei ya mayai matatu ya kuku, leo na wiki ijayo pia, au madume na majike waliochoka wawe na njia ya kufika kwenye sahani ya mtu. Mwenye jibu la swali hilo anaweza kununua mbao.